Mdudu mkavu asilinganishwe na nyama mbichi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wadudu wanaoliwa ililinganisha gramu 100 za unga wa funza wakavu na gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe, kisha ikatangaza mshindi. Funza wa unga (mtoto wa mbawakawa, anayefugwa ili kuliwa) akiwa hai, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji, na nyama nayo imebeba maji yake. Mkavu apimwe na mkavu, mbichi na mbichi.

Hata protini yenyewe huvimbishwa. Maabara nyingi hupima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25 ili kupata protini, ilhali kaitini ya kwenye gamba la mdudu ina nitrojeni na si protini. Mwaka 2017 watafiti walipendekeza 4.76 kwa funza wa unga mzima. Pakiti inayojitangaza kuwa na asilimia 50 kwa hesabu ya kwanza, kwa hii ya pili ina 38. Bado ni chakula kizuri sana, hakihitaji kupambwa.

Mlipowasifu wadudu kwa zinki na chuma sina ubishi nanyi, ila nyenje ni maskini wa kalisi: gamba lake halina chokaa kama la kaa. Anayejaza chokaa kwenye gamba ni lava (yaani funza) wa nzi askari mweusi. Na mkiona chuma kimepanda kupita kiasi kwa wadudu waliookotwa porini, tazameni alumini kwenye cheti hicho hicho cha maabara. Vikiwa juu vyote viwili, huenda kilichopimwa ni udongo uliobaki tumboni.

Metali za sumu mlizipitia juu juu, na hapo ndipo penye kazi. Lava wa nzi askari mweusi hulimbikiza kadimiamu hadi ikazidi ile iliyomo kwenye chakula chake. Funza wa unga hufanya vivyo hivyo kwa aseniki. Kwa hiyo pumba za mpunga, zenye aseniki nyingi kuliko mchele uliokobolewa, asipewe funza wa unga kabla hazijapimwa. Kadimiamu nayo hutoka kwenye mbolea za fosfeti, huingia kwenye mboga za majani, na mabaki ya mboga hizo ndiyo wanayolishwa lava.

Kuwanyima wadudu chakula saa 24 kabla ya kuwaua husafisha utumbo tu, hakugusi kilichokwisha kuingia mwilini. (Nyenje waachiwe maji, la sivyo hutafunana.) Kuchemsha dakika tano huua bakteria wengi lakini si spora zao (mbegu zao sugu), hivyo wakaushwe papo hapo, rundo bichi lisilale. Moto hauondoi metali: kilo 10 za wabichi zikikauka zikabaki 3, kadimiamu yote imo humo, na kiwango kwa kilo kimepanda zaidi ya mara tatu. Sufuria zilizosubiwa kwa alumini chakavu zaweza kuongeza risasi.

Mwenye mzio wa kamba na kaa asiwaguse wadudu hawa kabisa.

Mfugaji mwenye fedha ya kipimo kimoja apeleke maabara chakula wanacholishwa wadudu kabla ya wadudu wenyewe, kila shehena mpya inapofika. Achote kidogo juu, katikati na chini ya magunia kadhaa, achanganye, aombe kadimiamu, risasi na aseniki, na asipokee cheti kisichosema kama viwango ni vya uzito mkavu au mbichi.