Shoka kuukuu: kagua tundu kwanza, kutu baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni kuhusu mashoka ya zamani, manake naona watu wanayapima vibaya mno. Mtu anaokota kichwa cha shoka stoo, kimejaa kutu hadi hakitamaniki, anakitupa kwenye chuma chakavu bila hata kukigeuza. Mwingine ana kichwa kinang'aa, kimepigwa msasa na rangi juu, kumbe kina ufa kwenye tundu la mpini, na huyo ndo anahangaika kukichongea mpini mpya. Kwangu mimi wote wawili wameangalia pasipohusika.

Kutu ndo kitu cha mwisho kunitisha. Kutu ya juu juu, hata iwe nyekundu vipi, inatoka. Unalaza kichwa kwenye siki mpaka kesho yake, unasugua na brashi ya waya, unasuuza na maji yenye magadi kidogo ya kuua ile asidi, unakausha chapchap na kupaka mafuta, basi. Shida ni pale kutu ilipokula ndani ikaacha vishimo, na hata hapo swali ni vishimo viko wapi. Vikiwa ubavuni achana navyo, urembo haupasui kuni. Vikiwa kwenye makali ndo balaa, kila ukinoa unakutana na kishimo kingine na makali yanatoka yamemegeka kama msumeno.

Mi naanza na tundu. Watu wamezoea kufanya kisogo cha shoka nyundo, wanagongelea vigingi, wanagongelea kabari za chuma, shoka likinasa kwenye gogo wanalitandika kisogoni na nyundo kubwa ati litoke, sasa kuta za tundu ni nyembamba, hazikutengenezwa kwa vurugu hizo, zinapinda, zinatanuka, mwisho wa siku zinapasuka. Kutanuka kidogo sio kesi, mpini mnene kidogo na kabari nzuri vitajaza. Kisogo kikifumuka pembeni nacho sio kesi, piga tupa zile kingo zote ziishe kabla kipande hakijaruka kwenye jicho la mtu. Ufa ndo kesi.

Na ufa wenyewe mara nyingi huuoni kwa macho. Fanya hivi: safisha kichwa mpaka chuma kionekane, paka mafuta ya taa kuzunguka tundu lote, yaache yapenye, alafu futa na kitambaa hadi pakauke kabisa na upake unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha mle ndani yatarudi juu yalowanishe chaki, na utaona kistari chembamba cheusi kinajichora chenyewe, mara nyingi kinaanzia kwenye kona ya tundu kinaelekea shavuni. Ukikiona hicho, shoka hilo kazi yake imeisha. Najua kuna fundi atasema leta tuchomelee. Kuchomelea kunaziba ufa ndio, ila pale pembeni ya uchomeleaji chuma kinaweza kubaki kigumu na kikavu, kikapasuka upya siku usiyotegemea, na siku hiyo kichwa cha shoka kitakuwa hewani na watu wamesimama karibu.

Tundu likiwa zima ndo nageukia makali. Mashoka mengi ya zamani sana mwili wake ni chuma laini, alafu mhunzi akaunganisha kipande cha feleji, yaani chuma kigumu, mbele tu kwenye makali. Miaka ya kunoa inakula ile feleji kidogo kidogo, na ikiisha umebaki na chuma laini, unanoa asubuhi, magogo mawili matatu makali yashalala. Ile siki ya kutolea kutu inasaidia hapa pia, ukishasuuza angalia ubavu kwa makini, feleji inatoka nyeusi zaidi kuliko chuma laini na mpaka unaonekana wazi, kwa hiyo unajua umebakiwa na kiasi gani. Mashoka ya kiwandani ya siku hizi ni chuma kimoja ila yamekoleshwa moto sehemu ya mbele tu, hayo utayapima na tupa: pitisha pale kwenye makali, ikishika kwa shida chuma kiko sawa, ikiuma na kutoa unga kirahisi chuma ni laini.

Mapengo madogo ya milimita mbili tatu yanatoka kwa tupa na uvumilivu. Pengo kubwa linalokulazimisha kurudisha makali yote nyuma, hapo unamaliza feleji yote kwa kutafuta uzuri, bora ubaki na pengo.

Sasa grenda. Jamani grenda! Unaliona shoka halina kosa, mtu analichukua analipiga grenda kavu kavu mpaka ncha inageuka bluu. Ile bluu sio pambo, maana yake chuma kimefika karibu nyuzi 300 na ugumu wake umepungua hapo hapo. Wale wanaotupa kichwa motoni ili kipande cha mpini kiungue kitoke nao wanafanya yale yale, wakati msumeno na kuusukuma nje kwa fimbo ya chuma kunatosha. Kilichoungua hivo kinaweza kurudishwa, ila ni kazi ya mhunzi anayejua: kupasha makali hadi sumaku isishike, kwenye nyuzi 770 na kidogo, kuzimisha kwenye mafuta, alafu kupasha tena kwa moto mdogo ili yasiwe makavu ya kukatika. Kama tundu ni zima na feleji ipo, mpelekee.

Kuna hoja naijua itakuja, kwamba hili ni la babu, siwezi kulitupa. Usilitupe. Litundike ukutani, ila kama lina ufa usilitie mpini. Shoka likishakuwa na mpini hakuna anayeuliza kama ni la ukumbusho, wewe haupo nyumbani, mtu anakuja kuazima, anapewa.

Ni hayo tu.

Msomaji wako