Risala ya Wazazi wa Gredi ya Tatu kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzetu na watoto wetu, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Karibu Kisauni, Mheshimiwa. Muhula huu Mwalimu Mkuu alituruhusu sisi wazazi tuketi nyuma ya darasa kwa zamu, tutazame watoto wakisoma Kiingereza. Sharti lilikuwa moja tu: mzazi asimnong'oneze mwanawe jibu. Tukisema kweli, sharti hilo si wote waliolishika.

Tuliomba nafasi hiyo kwa kuwa mwakani watoto hawa wanaingia gredi ya nne. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, ile ya kamati ya elimu ya Kenya, sera ya nchi ni kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha inayotumika pale anapoishi, na kwetu sisi hiyo ni Kiswahili. Kiingereza huwa somo tu. Akifika gredi ya nne mambo hugeuka: hisabati, sayansi na mengineyo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyekielewa ataanguka sayansi na hali sayansi yenyewe aijua.

Siku tuliyofurahi zaidi, mada ilikuwa soko. Mwalimu alipanga mezani tungule, mbatata, ndimu na fungu la mchicha, akawagawa watoto wauzaji na wanunuzi. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye hatukuwa tumemsikia akitoa sauti tangu tuanze kuja. Mamake huuza mboga katika soko la Kongowea. Alipowekwa nyuma ya meza ile, alimtazama mnunuzi wake juu hadi chini, akamwambia: "Thirty shillings, last price!" Darasa zima likacheka, naye hakurudi nyuma hata shilingi.

Mvulana mmoja alisema, "My father, she is a fisherman." Sisi nyuma tulianza kucheka. Mwalimu hakucheka wala hakumkemea, alimjibu tu, "Oh, he is a fisherman? What does he catch?" Mtoto akaendelea, "He catch changu," na mazungumzo yakasonga. Kiswahili hakibagui mume na mke katika "yeye", basi kosa lile lina asili yake, na mwalimu aliijua. Vivyo hivyo walipoisoma "knife" kwa kuitamka k yake. Wamezoea lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa.

Lakini Mheshimiwa, yako mambo ambayo watoto wa Pwani wamezaliwa nayo. "Think" na "this" haziwasumbui ndimi, maana wamekua wakisema thamani na dhahabu. Hapo hata wageni wa bara wangekuja kujifunza kwetu!

Lililotushangaza zaidi ni kimya. Mwalimu akiuliza swali, husubiri. Sisi tulidhani amesahau anachotaka kusema, kumbe anawapa watoto muda wa kulitafuta jibu kwa Kiswahili, kisha walipeleke kwenye Kiingereza. Tena mtoto akikwama huruhusiwa kusema, "Mwalimu, nataka kusema hivi," akalisema kwa Kiswahili, na wenzake wakamsaidia. Baadhi yetu tulisoma enzi za diski, kile kibao cha adhabu ulichovishwa shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani. Tulijifunza kunyamaza vizuri sana. Kuna wazazi, hata katika kikundi chetu, ambao bado wanaiomba diski irudi. Wengi wetu, baada ya kuketi pale nyuma, tunaomba isirudi.

Tuna maombi mawili. Kwanza, vitabu vya hadithi. Kwa sasa watoto wanne huinamia kitabu kimoja, na aliyeko pembeni husoma kichwa chini miguu juu. Rafu moja ya vitabu vyembamba vyenye picha, vya Kiingereza na vya Kiswahili, ingetutosha kuanzia. Fundi wa kuitengeneza rafu tunaye miongoni mwetu, naye amekubali kufanya bila malipo.

Pili, mwalimu mmoja zaidi. Kipindi ni nusu saa, na darasa limejaa hadi mlangoni. Msichana wetu wa mboga alipata zamu yake siku ile. Wenzake wengi kengele iliwalilia wakiwa bado wameinua mikono.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Imesomwa na katibu kwa niaba ya wazazi wa gredi ya tatu.