Ukimsoma Reich, mtu mdogo ni wewe

Mhariri,

Wahakiki wa vitabu wana mazoea ya kuandika kwamba kitabu fulani "kinamkomboa msomaji", kisha wanaishia hapo. Kwa Wilhelm Reich, daktari wa nafsi ambaye ukurasa wako wa vitabu umeshamtaja, mazoea hayo ni hatari. Wapo wanaopokea kila alichoandika kama ufunuo, na wapo waliosikia habari za sanduku lake la "nishati ya uhai" wakacheka na kufunga kitabu. Naomba nafasi nieleze ni sehemu gani ya maandishi yake inayoweza kumfungua mtu, na isomweje.

Nianze na sanduku, maana halifichiki. Reich alizaliwa mwaka 1897 Galicia, wakati huo ikiwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Alihitimu udaktari Vienna mwaka 1922, akawa miongoni mwa wachanganuzi nafsi vijana, yaani waganga wanaotibu kwa mazungumzo, waliomzunguka Freud, mwanzilishi wa tiba hiyo. Baadaye alidai amegundua nishati ya uhai aliyoiita orgoni, na huko Marekani akaunda sanduku la mtu kukaa ndani, kuta zake zikiwa matabaka ya vitu kama mbao na sufu yanayopishana na chuma. Nishati hiyo haijathibitishwa na sayansi yoyote. Mwaka 1954 mahakama ya Marekani ilipiga marufuku usafirishaji wa masanduku hayo, na amri hiyo hiyo ikavikumba vitabu vyake. Mwezi Agosti 1956 tani kadhaa za machapisho yake zilichomwa moto New York. Reich mwenyewe alifia gerezani Lewisburg mwezi Novemba 1957, akitumikia kifungo cha miaka miwili kwa kudharau amri ya mahakama. Tayari chama cha kikomunisti cha Ujerumani kilikuwa kimemtimua mwaka 1933, na jumuiya ya kimataifa ya wachanganuzi nafsi mwaka 1934.

Kuna msomaji anayesikia historia hiyo akasema: basi aliyefukuzwa na wote lazima alikuwa na ukweli uliowatisha. Kuchomewa vitabu si cheti cha kuwa na haki.

Cha thamani kiliandikwa kabla ya sanduku. Katika Character Analysis (Uchambuzi wa Tabia), kilichotoka mwaka 1933, Reich alipendekeza jambo jepesi kulitamka na gumu kulitenda: kabla hujashughulikia kile mgonjwa anachosema, tazama anavyokisema. Mgonjwa mpole, anayefika kwa wakati na kukubali kila tafsiri, alionekana kuwa mgonjwa mzuri. Reich akasema upole huo huo ndio komeo la mlango. Anasimulia habari za bwana mmoja mwenye madaha na maneno ya kupimwa. Badala ya kuchimbua yaliyofichika, alimwambia kwamba anaigiza bwana mkubwa wa Kiingereza, na kwamba jambo hilo lazima lina mzizi katika ujana wake. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yakaanza: yule bwana hakuwahi kuamini kwamba mfanyabiashara mdogo aliyemlea alikuwa baba yake.

Mazoea ya aina hiyo Reich aliyaita deraya: vazi la chuma ambalo mtu hulivaa utotoni ili asiumie, kisha akasahau kwamba amelivaa. Baadaye akaongeza kwamba deraya hiyo imo pia mwilini, katika taya lililokazwa, shingo ngumu, pumzi inayoishia kifuani. Uhuru anaouzungumzia unaanzia hapo. Si uhuru wa kufanya upendalo. Ni uwezo wa kuchagua pale ambapo zamani ulijikuta tu unatabasamu, unanyamaza au unagomba.

Sasa namna ya kusoma. Toleo lililopanuliwa la Character Analysis, la mwaka 1949, lina sehemu tatu. Soma ya kwanza, inayohusu mbinu, kisha ya pili, inayohusu namna tabia inavyojijenga. Ya tatu ndimo orgoni inapoingia. Iache mpaka uwe umezimaliza hizo mbili. Kurasa kumi kwa kikao zinatosha. Ukimaliza sura, funga kitabu uandike matukio matatu ya wiki hiyo ambamo mwili wako uliitika kabla ya akili: ulicheka mtu alipokudharau, ulibana pumzi simu ilipolia, uliomba radhi bila kosa. Andika kilichotokea na mahali mwilini ulipokisikia. Usieleze sababu. Sababu zinazokuja haraka mara nyingi ni deraya ile ile iliyobadilisha rangi.

Fanya hivyo kwa mwezi mzima bila kurekebisha kitu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mtu anasoma sura mbili, anagundua kwamba amekuwa akitii maisha yake yote, na kabla ya Ijumaa ameacha kazi na kumtukana mzazi. Reich mwenyewe aliwaonya waganga wasirukie ya ndani kabla ya kushughulikia ya juu, akitaka waende tabaka kwa tabaka, kwa sababu deraya imefunga hofu ndani yake. Ukiivunja kwa pupa hofu inatoka yote kwa mkupuo, na kinachofuata kwa kawaida ni deraya mpya, nzito kuliko ya kwanza. Yule mtiifu wa jana anakuwa mkali asiyeambilika, na ukali huo anauita uhuru.

Kosa lingine ni kujifanyia nyumbani mazoezi ya kupumua kwa nguvu yaliyotokana na mafundisho yake. Ukipumua haraka na kwa kina kwa dakika kadhaa, kabonidayoksaidi hupungua katika damu. Ndiyo maana kichwa huzunguka, midomo na vidole hufa ganzi, wakati mwingine mikono hukakamaa. Watu hudhani deraya inayeyuka, kumbe ni kemia ya damu. Mwenye ugonjwa wa moyo au kifafa asijaribu kabisa.

Kisha kuna Listen, Little Man! (Sikiliza, Mtu Mdogo!), kijitabu kilichotoka Marekani mwaka 1948. Ni cha hasira tupu. Reich anamfokea mtu wa kawaida anayeuogopa uhuru, anayemwabudu mkubwa na kumkanyaga mdogo. Kinasomeka kwa jioni moja, na karibu kila msomaji anatoka humo akijua hasa nani ni mtu mdogo: bosi wake, shemeji yake, wapiga kura wa upande wa pili. Nyani haoni kundule. Dawa yake ni ya kitoto lakini inafanya kazi: kila penye "wewe" soma kwa sauti "mimi", na pale unapoona neno haliwezi kukuhusu hata kidogo, weka alama ya penseli. Rudi kwenye alama hizo baada ya wiki.

Ukifanya hivyo utagundua pia, na hili mashabiki hawalipendi, kwamba mwandishi naye yumo. Aliyewasuta watu kwa kutaka kiongozi asiyekosea aliishia kutovumilia kupingwa. Alipoitwa mahakamani mwaka 1954 hakufika. Alimwandikia hakimu kwamba mahakama haina mamlaka ya kuamua mambo ya sayansi. Ushoga aliuona kuwa ugonjwa, na jambo hilo lisipambwe. Msomaji anayeweza kuandika pembeni mwa ukurasa "hapa umekosea, Daktari" kisha akaendelea kusoma ameshapata sehemu ya kile alichokifuata kitabuni.

Ombi langu kwa ukurasa wako wa vitabu ni dogo. Mnapomtaja tena Reich, andikeni ni kitabu gani, toleo la mwaka gani na sehemu ipi. Anayeanzia na sura za 1933 na anayeanzia na sanduku hawajasoma kitu kimoja.

Msomaji wako