Sinema za Tanga: msivunje chumba cha mtambo

Mhariri,

Majestic, Novelty na Regal zikitajwa hapa Tanga, watu hukumbushana stelingi, foleni ya tiketi na filamu za Kihindi, kisha hukata shauri: televisheni ndiyo iliyoziua. Lakini televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, na miaka ya 1980 kanda za video zilikwisha ingia sebuleni. Miaka hiyo hiyo fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mtambo wa kuonyeshea sinema ulikula kila siku vitu vya kuagizwa kutoka nje.

Chukua mwanga tu. Mitambo ya zamani haikutumia globu. Vijiti viwili vya kaboni vilielekezwa ncha kwa ncha, milimita chache kati yao, umeme ukiruka. Vijiti huliwa vikiwaka, hivyo ilibidi visogezwe kila mara. Fundi akizembea, pengo hupanuka, pazia hugeuka manjano, kisha giza, na ukumbi mzima unapiga miluzi. Kijiti kikiisha hakirudishiki. Bila kingine hakuna onyesho.

Mkanda nao, wa milimita 35, hupita picha 24 kwa sekunde. Rili (mkanda uliozungushwa) ya futi 2,000 huchukua kama dakika 22, kwa hiyo filamu ya saa tatu ni rili nane au tisa. Ndiyo sababu mitambo ilikuwa miwili. Rili ikikaribia kwisha, kiduara hutokea pembe ya juu kulia: fundi anawasha mota ya mtambo wa pili. Sekunde kama saba baadaye kinatokea kingine, naye anabadilisha. Akichelewa, watazamaji wanaona pazia jeupe.

Kila picha ina matundu manne kila ubavu. Yakichanika, meno ya gurudumu hukosa pa kushika na picha hurukaruka. Mkanda ukikatika, fundi hukata kipande kilichoharibika na kugundisha ncha. Nakala iliyozunguka miji mingi ilifika ikiwa imepungua. Wimbo unaruka ubeti, na lawama zote anabeba fundi.

Tunayasema haya kwa sababu majengo ya namna hii yanapokarabatiwa, chumba cha mtambo ndicho huvunjwa kwanza, na vyuma vyake huishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Ukikuta ukuta wa nyuma, juu, una vitundu viwiliviwili, kimoja cha mwanga na kimoja cha jicho la fundi, simama kwanza. Huenda kuna vifuniko vya chuma vya kujiangusha moto ukizuka, maana hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mikanda mingi duniani ilikuwa ya naitreti, inayoshika moto kama petroli. Tafuta pia bomba la kutolea moshi wa kaboni. Piga picha, pima, ndipo nyundo.

Mkanda unaonuka siki umeanza kuoza: utenge na mizima, uweke penye ubaridi, usiufungie kwenye kopo lisilopitisha hewa. Usiuwashie kiberiti ili kujua kama ni naitreti. Lenzi zifutwe vumbi na kuwekwa pakavu, kwani unyevu wa pwani yetu huziotesha ukungu. Makumbusho ya Urithi yapo hapa hapa mjini, kwenye Boma la kale. Mwenye jengo aulize huko kabla ya kumwita mnunuzi wa chuma.

Wasomaji wako,
Ngamiani, Tanga