Kidoa Nisichokijua

Mwanangu,

Picha zako tatu za unyayo zimefika. Ya kwanza imetikisika, ya pili ina kivuli cha kichwa chako, ya tatu ndiyo nimeikodolea hadi macho yakauma. Nimekiona kidoa cheusi karibu na kisigino. Umeniuliza kimetoka wapi, na kama ukichonge kwa wembe. Usikiguse na wembe. Mengine nakueleza taratibu.

Ngozi ina seli zinazotengeneza melanini, ile rangi yenyewe ya mwili. Kwa kawaida zimetapakaa, kila moja na mahali pake. Zikikusanyika sehemu moja, hapo hutokea kidoa. Damu ya ukoo ina mkono wake katika hilo, na jua la utotoni pia. Homoni nazo zimo: vidoa huongezeka mtu anapobalehe, na wajawazito huweza kuona vyao vikikolea. Watu wazima wengi huwa navyo kati ya 10 na 40, na vingi hujitokeza kabla ya miaka 30. Kikiota nywele si ubaya. Usikichanganye na chunjua, maana chunjua huletwa na virusi.

Mimi ndiye niliyekuogesha, kwa hiyo vyako navijua. Cha nyuma ya sikio la kushoto ulizaliwa nacho, kikakua kadiri ulivyokua. Viwili vya mgongoni vilikuja ukiwa darasa la pili. Hivyo havinikoseshi usingizi. Hiki cha unyayoni sikijui, na ndiyo maana nakuandikia leo badala ya kungoja Jumapili tuongee.

Vidoa vingi havina neno maisha yote. Cha kuangaliwa ni kile ambacho ukikigawa katikati kwa macho, nusu hazifanani. Ambacho ukingo wake umesambaa huku na kule kama wino uliomwagikia kitambaa. Chenye rangi mbili tatu kwa pamoja. Au kilichozidi milimita 6, yaani upana wa kitako cha penseli. Lakini mimi ningeanza na swali moja: kinabadilika? Kimetanuka, kimeinuka, kinawasha, kinatoa damu bila kukwaruzwa? Na je, kinafanana na wenzake, au kimejitenga kwa sura? Hata kidoa kidogo huweza kuwa kibaya, usijipe moyo kwa sababu ya udogo.

Utasikia kwamba saratani ya ngozi haiwapati watu weusi. Ni kweli melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli zile za melanini, kwetu ni adimu, ila inapokuja hupenda mahali jua lisipofika: unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, naye akafariki Mei 11, 1981, ana miaka 36. Nani huwa anageuza unyayo wake kuutazama? Ndiyo maana huchelewa kuonekana. Mstari mweusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu weusi, lakini ukitokea mpya kwenye ukucha mmoja na kuzidi kupanuka, huo uonyeshe.

Sasa kuhusu wembe. Lile kovu la shingoni mwangu ulilokuwa ukilichezea ukinyonya, nilijitafutia mwenyewe. Nilikuwa na umri wako, kidoa kikanichukiza, nikakifunga uzi. Kilivimba, kikatoa usaha, kikadondoka siku ya nne nikakitupa. Kovu nimelizoea. Linalonitia baridi hadi leo ni kwamba nilitupa kitu ambacho hakuna aliyekipima. Nilibahatika tu.

Nenda kwa daktari wa ngozi wiki hii. Mwambie ulikiona lini, hata kama ni makisio. Akiona hakuna tatizo, kiache. Akikitilia shaka atakuchoma sindano ya ganzi, atakikata, utashonwa nyuzi chache. Hapo usione haya kuuliza: kipande kinapelekwa maabara? Kama jibu si ndiyo, uliza tena. Na usiondoke bila kujua majibu utayafuata lini.

Kabla hujaenda, piga picha nyingine ukiweka rula pembeni, ili tuwe na cha kulinganishia. Piga mchana, karibu na dirisha, na kichwa chako ukiondoe.

Mama yako