Barua kwa mwanangu: huo mtihani wa kupiga kura atausahihisha nani?

Mwanangu, pole na pilikapilika za safari. Nimeona ulichoandika juzi kwenye grupu la familia, eti mtu asiyejua kusoma asipewe kura, asiyelipa kodi naye asipewe, na wapiga kura wote wafanyiwe kwanza kamtihani kadogo ka kupima uelewa, halafu ukamalizia na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Binamu zako wamekupigia dole gumba mimi nikanyamaza, sikutaka tubishane mbele ya shangazi zako. Lakini wiki ijayo unaondoka na sitaki uondoke na hilo kichwani, maana huko uendako utakuta watu wengi wenye digrii wanaosema hayohayo kwa lugha tamu kuliko yako, utajiona umepatia.

Nakuuliza swali moja tu na ntalirudia mpaka unijibu. Huo mtihani anautunga nani, na anausahihisha nani?

Usinijibu haraka kwamba ni tume. Tume ni watu, na watu wana upande wao. Mambo haya yalishafanyika si kwamba wewe ndo wa kwanza kuyawaza. Mississippi kule Marekani waliandika kwenye katiba ya jimbo ya mwaka 1890 kwamba mpiga kura awe anaweza kusoma kifungu cha katiba, au akisomewa akieleze. Ukisikia hivyo unaona ni jambo la maana kabisa, nani atapinga raia kuijua katiba. Sasa angalia ilivyokuwa kwenye meza ya karani. Karani ndo anachagua kifungu gani usome, na karani huyohuyo ndo anaamua umeeleza vizuri au vibaya. Akija mzungu anapewa kamstari kamoja, akija mweusi anafunguliwa aya ndefu ya mambo ya kisheria ambayo hata karani mwenyewe haielewi, na walimu weusi kabisa, watu wanaofundisha watoto kusoma, wakawa wanaambiwa umefeli nenda nyumbani. Hakuna karatasi iliyosema mweusi asipige kura. Ilisema asiyeelewa asipige kura, kama wewe tu. Louisiana wao mwaka 1898 walienda mbele zaidi, wakaona mtihani utawanyima na wazungu maskini, wakaweka kwamba kama baba yako au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya 1867 basi mtihani haukuhusu. Na hao weusi babu zao mwaka huo walikuwa wapi? Wametoka utumwani juzijuzi. Mitihani ya namna hiyo iliendelea mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 ilipokuja kuwabana.

Na hilo la kodi nalo lilikuwepo hukohuko, unalipa kwanza kodi ya kichwa ndo unaingia kwenye daftari, wakaja kulifuta kwenye uchaguzi wa kitaifa mwaka 1964 kwa kubadilisha katiba. Halafu mwanangu nani asiyelipa kodi? Bibi yako akinunua sabuni kalipa kodi. Akiweka vocha kalipa kodi. Yeye hana tu risiti ya kumwonyesha mtu kwenye grupu.

Usiseme hayo ni ya Wamarekani. Kenya mwaka 1957 Waafrika walipochagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, kura zilikuwa hazilingani, mwingine anapata moja, mwingine mbili, mwingine tatu, kutegemea elimu yake, kipato, mali na utumishi wake serikalini, na Wakikuyu walitakiwa kwanza wathibitishwe kuwa ni watiifu kwa serikali. Watiifu! Umeona mtihani unavyokua? Unaanza na kusoma na kuandika, unaishia na je unatupenda. Tanganyika uchaguzi wa 1958 na 1959 hivyohivyo, ili upige kura uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka au uwe na elimu fulani au cheo fulani, na ukishaingia unalazimishwa kuchagua watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. TANU walibishana Tabora Januari 1958 kama washiriki au wasusie, Nyerere akawashawishi washiriki, na wakashinda kwa masharti yaleyale mabovu. Walioweka masharti wangekwambia nao kwamba wanataka wapiga kura wenye uelewa.

Na wewe ni mwanamke, hilo nalo umelisahau? Ungekuwa Uswisi mwaka 1970 na digrii yako na miwani yako usingechagua mbunge, wanaume walikuja kukubali mwaka 1971. Uingereza mwaka 1918 waliwapa wanawake lakini wa miaka 30 kwenda juu na wenye mali yao au ya waume zao, ikabidi wangoje mpaka 1928 kulingana na wanaume. Sababu iliyokuwa inatolewa ni ileile yako, hawaelewi siasa, watadanganywa, watafuata tu anachosema mume. New Zealand wakawapa 1893 na nchi haikuzama.

Najua utanijibu nini, kwamba watu wanauza kura kwa fulana na kofia. Hapo siwezi kukubishia sana, nimesimama kwenye foleni hizo na nimeyaona. Lakini niambie, anayenunua ni nani? Mbona huyo ndo mwenye digrii mbili? Hukuandika mwenye digrii anayenunua kura anyang'anywe ya kwake. Na wanaochagua kwa kabila nao wasomi wamejaa, tena wao wanajua kulieleza kwa takwimu. Mtu mmoja msomi sana, John Stuart Mill wa Uingereza, alitaka wasomi wapewe kura nyingi zaidi kuliko wengine, na pale kwao kweli wahitimu wa vyuo vikuu walikuwa na kura ya ziada ya kuchagua wabunge wa vyuo mpaka sheria ya 1948 ilipoifuta. Hao wenye kura mbili walikuwa hawakosei? Kosa la msomi ni kosa tu.

Jana bibi yako alimwambia mdogo wako amsomee meseji zote za kwenye grupu, yule mtoto hajui kuficha kitu akasoma mpaka ya kwako. Bibi hakusema kitu. Baadaye anaosha vyombo ananiuliza hivi, "Kwa hiyo bomba likikauka yeye ndo atajua kuliko mimi?" Nikakosa jibu. Huyo bibi yako hajui kusoma lakini anajua diwani yupi alikuja na wapiga picha akazindua bomba lisilotoa maji, na anajua lilikaa bila maji muda gani kwa sababu ndoo ilikuwa kichwani kwake. Hilo ndo swali la kwenye mtihani ninaoujua mimi. Na uchaguzi uliopita yeye alitoka nyumbani kukiwa bado giza akasimama mpaka mchana, akarudi na wino kidoleni anafurahi, wewe ulisema foleni ndefu utaenda jioni, jioni ukasema umechoka. Kitambulisho chako bado kina anwani ya zamani. Sasa nani hapo kafeli?

Mimi najivunia elimu yako usinielewe vibaya, kila mtu hapa mtaani anajua unaenda kusoma nini mpaka wamenichoka. Na kama unataka kusema baba ndo alikuwa anatwambia kila siku usiposoma utakuwa mtu wa kuburuzwa, sawa, nilikuwa nakusukuma usome, mengine ningeyasema kwa namna nyingine, tuyaache hayo.

Kuna watu walishapata dawa ya kutokujua kusoma na si kuwatoa watu nje. India wakati wa uchaguzi wao wa kwanza wa 1951 na 1952 waliojua kusoma walikuwa kama 18 kwa kila mia, wakawapa wote wazima kura, kila chama kikapewa alama yake ya picha, mtu anaangalia picha anapiga. Gambia ndo wananifurahisha zaidi, tangu miaka ya 1960 wanapiga kura kwa goroli! Unapewa goroli moja, unaingia mahali pa siri unakuta mapipa ya chuma yamepakwa rangi za vyama na picha za wagombea, unaitumbukiza kwenye pipa la mtu wako, inagonga kengele ndani, tiing, wa nje wanasikia umepiga mara moja tu, ikilia mara mbili wanajua wewe mwizi. Hebu niambie hapo kusoma kunahitajika wapi. Brazil wao walifanya unavyotaka wewe, wasiojua kusoma wakafungiwa nje na sheria ya 1881 mpaka 1985. Zaidi ya miaka mia moja. Mimi najiuliza katika miaka yote hiyo mwanasiasa gani alikuwa na haraka ya kuwajengea shule watu wasioweza kumtoa.

Utasema basi na watoto wa chekechea wapige. Hapana, mstari lazima uwepo mahali, lakini umri ni kitu ambacho kila mtu anakivuka akingoja, tajiri na maskini siku zinahesabika sawa. Na hata huo mstari unasogezwa, wengi wako 18, Austria mwaka 2007 walishusha mpaka 16, Japan walikuwa 20 wakashusha. Kuhusu wafungwa mimi mwenyewe sijaamua, mahakama ya katiba ya Afrika Kusini mwaka 1999 iliwalinda wapige wakisema kura ni alama ya utu wa mtu, naelewa hoja, ila nikikumbuka yule aliyetuvunjia dirisha roho inagoma. Hilo tutabishana kwenye simu.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Wewe wiki ijayo unakuwa mgeni kwenye nchi ya watu. Utalipa kodi huko, kodi ya nyumba, kodi ya mshahara ukipata kibarua, na digrii zako zote mbili, na wakipiga kura kuhusu vibali vya wageni kama wewe huenda ukakaa ndani unaangalia kwenye luninga, na kijana wa jirani aliyeacha shule anaenda kuamua kuhusu wewe. Kuna nchi chache zenye roho nzuri, New Zealand mkaazi wa kudumu anapiga kura hata kama si raia tangu 1975, lakini nyingi hazina habari na wewe. Na huku nyumbani nako unaweza kukuta jina lako halipo, yameshawakuta wengine, Waayalandi wanaohamia nje wengi wao hawapigi kura za kwao, na Waingereza mpaka juzi 2024 waliokaa nje zaidi ya miaka 15 walikuwa wanafutwa. Siku hiyo mtu akikwambia hujui hali halisi ya huku, huna haki ya kuchagua, utamjibu nini? Andika hilo jibu sasa hivi kisha uone kama bibi yako hawezi kulitumia neno kwa neno.

Ndo maana nakuuliza anayesahihisha ni nani. Leo unadhani ni wewe.

Mengine ya nyumbani. Lile sanduku lako jeusi zipu imekufa, nimejaribu na koleo imekatika kabisa, chukua la mama yako la bluu yeye hasafiri. Mama yako anasema hana shida na hiyo safari ila tangu jumapili anapanga nguo zako anazipangua, mpigie ukiwa na muda usimwandikie. Fundi paa kaja kaangalia kaondoka hajarudi, ndoo bado ipo koridoni kwa hiyo ukija usiku washa taa. Mdogo wako anataka umwachie ile kompyuta ya zamani, mimi nimemwambia akuombe mwenyewe. Miwani ya bibi imekatika mkono mmoja, ukipita mjini iulizie.

Meseji ya kwenye grupu usiifute, kila mtu ameshaiona na wengine wameshapiga skrinshoti. Njoo ijumaa asubuhi ofisi zikiwa wazi tuhamishe anwani kwenye kitambulisho chako, bibi anasema atakusindikiza foleni anaijua.

Baba yako