Mwaka wa gari la umeme hautuambii betri yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalonikera kila ninaposoma habari za magari ya umeme, katika gazeti hili na katika mengine. Waandishi wetu, na wauzaji wanaotangaza humu, wamezoea kuandika kwamba gari fulani linakwenda kilomita kadhaa kwa chaji moja, bila kueleza ni toleo la mwaka gani, limefungwa betri ipi, na kilomita hizo zilipatikana kwa kipimo cha nani. Kwa gari la petroli uzembe huo hauna madhara makubwa, kwa sababu tangi likikauka mtu hujaza na kuendelea na safari. Kwa gari la umeme, umbali huo ndio unaoamua kama gari litakufaa au halitakufaa, na ni umbali unaobadilika toleo kwa toleo, mara nyingine hata ndani ya toleo la mwaka mmoja.

Mimi mwenyewe nimeumia kwa jambo hili. Nilinunua Nissan Leaf iliyotumika, toleo la mwaka 2016, kutoka kwa muuzaji ambaye sina haja ya kumtaja. Tangazo lake lilisema kilomita 172. Namba hiyo hakuibuni: ndiyo iliyotolewa na EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, kwa Leaf ya mwaka huo yenye betri ya kilowati-saa 30, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi. Lakini toleo la 2016 lilikuwa na betri mbili, na zile zenye betri ya zamani ya kilowati-saa 24 zilipewa na shirika hilo hilo kilomita 135. Gari langu lilikuwa na hiyo ndogo. Nilipomrudia muuzaji alinionyesha hati ya gari, akaweka kidole penye mwaka, kana kwamba mwaka ndio betri.

Niligundua kosa hilo barabarani. Nilipanga safari ya kilomita 120, nikijihesabia akiba ya kilomita 50 na zaidi. Tulipopita kilomita 80 nilizima kiyoyozi. Baadaye nilipunguza mwendo hadi 50 kwa saa, mke wangu akinisomea kwa sauti namba iliyokuwa ikishuka kwenye dashibodi, mpaka namba yenyewe ikatoweka na mahali pake pakabaki vistari vitatu. Kisha ikawaka taa yenye picha ya kobe, ambayo katika gari hilo humaanisha kwamba nguvu ya mota imepunguzwa ili umeme uliobaki udumu kidogo. Hatukufika. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri, na kwamba kijistari cha kwanza hupotea betri inapokuwa imeshapungukiwa na takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na vinavyofuata hupotea kila inapopungua kwa asilimia 6 hivi. Nilivihesabu, vikawa kumi. Gari lililoanza na kilomita 135 lilikuwa limebakiwa na kama 106, nami nililipeleka safari ya 120 nikiamini lina 172.

Tangu siku hiyo nimefuatilia mabadiliko haya kwa bidii, na lililonishangaza zaidi ni jinsi namba inavyoweza kupanda bila gari kubadilika, na jinsi gari linavyoweza kubadilika bila namba kupanda. Mfano mzuri wa hali ya kwanza ni Leaf hiyo hiyo katika matoleo ya 2013 na 2014. Ile ya 2013 ilikuwa na kitufe cha kuagiza chaji ikome kwenye asilimia 80 ili betri isichoke mapema. Kwa sababu kitufe hicho kilikuwapo, EPA ilichukua umbali wa chaji kamili, ambao ni kilomita 135, na ule wa chaji ya asilimia 80, ambao ni kilomita 106, ikatoa wastani, na gari likaandikwa kilomita 121. Mwaka uliofuata kampuni iliondoa kitufe hicho, hesabu ya wastani ikakosa msingi, na gari likaandikwa kilomita 135. Mtu aliyelinganisha matangazo ya miaka hiyo miwili angeapa kwamba betri imeboreshwa, kumbe kilichopatikana ni kupungukiwa na kitufe, tena kitufe chenye manufaa.

Hali ya pili ilitokea mwaka mmoja tu baadaye, katika toleo la 2015, ingawa chanzo chake ni cha nyuma kidogo. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako joto ni kali, walilalamika kwamba vijistari vyao vinapotea upesi, na kwa kweli betri ya Leaf haikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji kama magari mengine mengi ya umeme. Kwa toleo la 2015 kampuni ilibadilisha kemia ya seli, yaani vibetri vidogo vinavyounda betri nzima, ili zivumilie joto zaidi, na watu wakaibandika betri hiyo jina la mjusi. Kwenye karatasi hakuna kilichobadilika: kilowati-saa 24 kama zamani, kilomita 135 kama zamani. Kwa mtu anayeishi penye joto, hayo ndiyo mabadiliko muhimu kuliko yote yaliyofanyiwa betri ya kilowati-saa 24, lakini akiangalia namba ya umbali peke yake hatayaona kabisa, na huenda akachukua toleo la 2014 kwa kudhani ni yale yale.

Ipo pia betri inayokua ndani ya kasha lile lile. BMW i3 ilianza na betri ya kilowati-saa 22 na kilomita 130 kwa kipimo cha EPA. Toleo la 2017 likaja na kilowati-saa 33 na kilomita 183. La 2019 likafikia kilowati-saa 42 na kilomita 246. Kwa nje huwezi kuyatofautisha kwa betri, kwa kuwa kilichoongezeka ni uwezo wa kila seli, si ukubwa wa betri nzima. Hapa niongeze onyo dogo kwa wanunuzi: betri hizo tatu zilijulikana kwa namba 60, 94 na 120, na nimewahi kusikia mtu akijisifu kwamba gari lake lina kilowati-saa 94. Namba hizo ni ampea-saa, kipimo kingine kabisa, tena za seli moja tu. Gari lake lilikuwa na kilowati-saa 33.

Tena kuna sehemu ya betri ambayo mwenye gari haruhusiwi kuigusa. Watengenezaji huacha akiba juu na chini ili seli zisijazwe kupita kiasi wala kukaushwa kabisa, na ukubwa wa akiba hiyo ni uamuzi wao. Audi e-tron ya 2019 ilikuwa na betri ya kilowati-saa 95, lakini dereva aliruhusiwa kutumia 83.6, na EPA ikaipa kilomita 328. Katika toleo la 2021 betri bado iliandikwa 95, ila sehemu iliyoruhusiwa ilifikishwa 86.5, umbali ukawa kilomita 357. Ndiyo maana nasema kwamba hata kutaja kilowati-saa hakutoshi mpaka iwe wazi ni za betri nzima au ni zile zinazotumika.

Sasa nije kwenye vipimo vyenyewe, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo chanzo kikubwa cha udanganyifu, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kudanganya. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, iliyoanza kuuzwa mwaka 2017, ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 400 kwa kipimo cha huko cha wakati huo, JC08. Kwa kipimo cha Ulaya cha WLTP ilipewa 270. Marekani, EPA iliipa 243. Ni gari lile lile, betri ile ile. Tofauti inatokana na jinsi gari linavyoendeshwa maabara: kasi gani, kusimama mara ngapi, na kama mwishoni matokeo yanapunguzwa ili yakaribie hali ya barabarani, kama EPA inavyofanya kwa kuzidisha kwa 0.7 katika utaratibu wake wa kawaida. Ulaya nayo ilikuwa na kipimo cha zamani cha NEDC, chenye ukarimu kupita kiasi, kabla ya WLTP kuanza kutumika kwa magari mapya mwaka 2017. Kwa hiyo mtu anayelinganisha gari la Ulaya la 2015 na la 2019 bila kutazama kipimo anaweza kuona umbali umedumaa, ilhali umeongezeka sana. Na anayelinganisha gari lililotoka Japani na lililotangazwa Marekani analinganisha vitu visivyolingana.

Vilevile mwaka wa gari huenda usiwe mwaka wa betri. Chevrolet Bolt ilitoka kama toleo la 2017 ikiwa na kilomita 383, na ya 2020 ikapata betri yenye seli bora zaidi na kilomita 417. Mwaka 2021 kampuni iliyaita magari hayo yote yarudishwe karakana kwa sababu ya hitilafu ya seli iliyoweza kusababisha moto, na mengi ya matoleo ya mwanzo yakafungwa betri mpya zenye uwezo wa zile za baadaye. Leo unaweza kukuta Bolt mbili za 2017 zimeegeshwa pamoja, moja ikiwa na umbali wa zamani na nyingine umbali wa miaka mitatu mbele, na kadi zao zinasoma mwaka mmoja. Hapo kinachosema kweli ni rekodi ya karakana.

Hata vijistari nilivyovitaja si vya kuaminiwa bila kuuliza. Leaf za kilowati-saa 30 zilionekana zikipoteza uwezo haraka kuliko zilizotangulia, mpaka mwaka 2018 kampuni ilipokiri kwamba programu inayopima betri ilikuwa ikisoma vibaya, ikatoa toleo jipya la programu hiyo, na vijistari vikarudi katika magari yaliyorekebishwa. Mtu aliyeuza gari lake kabla ya hapo aliliuza kama gonjwa, kumbe mgonjwa alikuwa kipimajoto.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sijaliona likiandikwa katika kurasa zenu, nalo linamgusa dereva kila siku. Si kila betri hujazwa mpaka juu. Betri zenye nikeli hudumu zaidi zikichajiwa hadi asilimia 80 hivi kwa matumizi ya kawaida, na chaji kamili ikaachiwa safari ndefu. Betri za chuma na fosfati, ambazo baadhi ya watengenezaji wamezihamia katika matoleo ya karibuni ya magari yao ya kiwango cha chini, huweza kujazwa hadi 100 mara kwa mara, na Tesla huwashauri wenye nazo wafanye hivyo angalau mara moja kwa wiki ili kipimo cha chaji kisipotoke. Chukua magari mawili yaliyoandikwa kilomita 400, moja la kila aina: la kwanza kwa siku za kawaida ni gari la kilomita 320, na la pili ni la 400. Upande wa pili, betri ya chuma na fosfati husumbuka zaidi kwenye baridi, hasa wakati wa kuchaji. Badiliko la namna hiyo likitokea katikati ya mwaka wa toleo, namba ya kwenye tangazo inaweza isisogee hata kidogo, na maisha ya dereva yakabadilika.

Ninaloliomba gazeti hili ni dogo. Kila linapochapisha umbali wa gari la umeme, liwe ni habari au tangazo la kulipiwa, litaje toleo, kilowati-saa zinazotumika, na jina la kipimo. Kwa gari lililotumika, muuzaji atakiwe kuongeza hali ya betri ilivyosomwa siku hiyo, na kama betri imewahi kubadilishwa au programu yake kurekebishwa. Najua mtasema nafasi ni finyu. Gari langu lingetosha katika mstari mmoja chini ya picha: Leaf toleo la 2016, betri ya kilowati-saa 24, kilomita 135 kwa kipimo cha EPA ilipokuwa mpya, vijistari 10 kati ya 12. Ningesoma mstari huo, na pengine bado ningelinunua, lakini kwa bei nyingine, na wala nisingelipeleka safari ile.

Wenu mwaminifu,
Msomaji wa siku nyingi